Maisha ya Émile Baudot, Mkulima Aliyegawa Waya kwa Zamu

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kaskazini-mashariki, kuna kijiji kidogo kiitwacho Magneux. Katika kijiji hicho, tarehe 11 Septemba 1845, alizaliwa mtoto aliyeitwa Émile Baudot. Baba yake, Pierre Émile Baudot, alikuwa mkulima, mtu wa kuheshimiwa na jirani zake, hata baadaye akawa mkuu wa kijiji hicho. Leo jina la mtoto huyu linajulikana na mafundi wa simu na wa kompyuta duniani kote. Lakini siku zile hapakuwa na dalili yo yote ya mambo hayo. Palikuwa na shamba, na jembe, na kazi ya kila siku.

Émile alisoma katika shule ya msingi ya kijijini kwao, basi. Hakwenda shule ya juu, wala hakuingia chuo cho chote cha maarifa makubwa. Alipokwisha kusoma alirudi shambani, akafanya kazi ya kilimo hata akawa mtu mzima. Ndipo mwaka 1869, alipokuwa na umri wa miaka 23, alipoacha shamba akaingia katika kazi ya serikali ya Posta na Telegrafu, akiwa mwanafunzi wa kupeleka habari.

Telegrafu ilikuwa ni njia ya kupeleka habari mbali kwa nguvu za umeme zipitazo katika waya. Simu ya kusema kwa mdomo ilikuwa haijavumbuliwa bado. Mtu aliyetaka kupeleka habari kutoka mji mmoja hata mji mwingine upesi, aliandika maneno yake katika karatasi, akayapeleka afisini. Hapo fundi wa telegrafu aliyageuza maneno yale kuwa ishara. Aliyefundisha njia iliyotumika sana alikuwa Mmarekani, jina lake Samuel Morse. Katika njia ya Morse kila herufi ni ishara fupi na ishara ndefu zilizopangwa kwa namna yake. Fundi hubonyeza kibao kidogo, umeme hupita. Akiachia, umeme hukatika. Fundi wa upande wa pili husikiliza au hutazama, akaandika herufi moja moja kwa mkono wake.

Baudot alifundishwa kazi hiyo ya Morse katika mji wa Paris. Kisha wakuu wake wakampeleka kujifunza kwa muda wa miezi minne namna nyingine ya telegrafu, nayo ni ile ya David Hughes. Mtambo wa Hughes ulikuwa na vibao vya kubonyeza kama vya kinanda, tena ulipiga chapa herufi zenyewe juu ya utepe wa karatasi. Ndani yake palikuwa na gurudumu lenye herufi ukingoni mwake, nalo lilizunguka daima. Katika kila mji gurudumu lilizunguka kwa mwendo ule ule mmoja. Fundi akibonyeza herufi, umeme ulipita katika waya wakati ule ule herufi ile ilipofika mahali pa kupigia chapa, na karatasi ikaguswa. Ulikuwa mtambo wa ajabu, na Baudot aliupenda, akauchungua kwa makini sana.

Kabla hajakaa sana katika kazi, vita vikazuka mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia. Baudot alitumika vitani kwa muda mfupi. Hata mwaka 1872 alikuwa amerudi Paris katika kazi yake ya telegrafu. Lakini alirudi na jambo moja linalomsumbua moyoni, naye hakuliacha mpaka alipolipatia jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Waya wa telegrafu ni mali ya thamani. Ukitaka kuupeleka kutoka Paris mpaka Bordeaux, huna budi kusimamisha nguzo maelfu, na kuufunga waya juu yake, na kuweka watu wa kuutengeneza kila mti unapouangukia au upepo unapoukata. Habari za watu zilikuwa zikiongezeka mwaka kwa mwaka, na afisi zilijaa karatasi zilizongoja zamu yao. Dawa ya siku zile ilikuwa kuongeza waya mwingine, na baadaye mwingine tena. Lakini Baudot, akiutazama mtambo wa Hughes ukifanya kazi, aliona kwamba waya ule ule mmoja ulikuwa mtupu kwa muda mwingi. Umeme ulipita punde kidogo wakati wa kupeleka herufi. Kisha waya ulikaa kimya ukingoja herufi nyingine. Kwa mtu asiyefikiri, waya ulionekana una kazi nyingi. Kwa Baudot, ulikuwa kama mtumbwi unaovusha mtu mmoja katika mto, na nafasi za watu watano zimebaki wazi.

Basi alijiuliza kama watu wengi wangeweza kutumia waya mmoja wakati mmoja, pasipo habari zao kuchanganyika.

Jambo hilo ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Umeme hauna rangi wala jina. Ishara za watu wawili zikiingia pamoja katika waya, haziwezi kutengwa tena, kama vile maji ya ndoo mbili yaliyomiminwa katika mtungi mmoja. Lakini kuna njia nyingine, na kila aliyekulia kijijini ameiona. Wanawake watatu wanaweza kutwanga nafaka katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza unashuka, unapoinuka wa pili unashuka, unapoinuka huo wa tatu unashuka. Kinu ni kimoja, na michi haigongani hata mara moja, kwa kuwa kila mmoja anashika zamu yake. Mmoja wao akipoteza mwendo, michi hugongana na kazi huharibika. Njia aliyoifuata Baudot ilikuwa ya namna hiyo: si kuchanganya habari, bali kuzigawia zamu, zamu fupi mno zisizoweza kuonekana kwa macho.

Hakuanza pasipo kitu. Mwaka 1871 mtu aitwaye Bernard Meyer alikuwa ametengeneza mtambo wa kuwagawia mafundi wa Morse waya mmoja kwa zamu. Na zamani kidogo, katika miaka ya 1830, mabwana wawili wa elimu wa Ujerumani, Gauss na Weber, walikuwa wamefikiri namna ya kuandika kila herufi kwa ishara tano. Baudot alikusanya mawazo hayo, akaweka pamoja na lile gurudumu la chapa la Hughes, akafanya kitu kipya ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekifanya.

Kwanza ilimpasa kuacha ishara za Morse. Katika njia ya Morse herufi moja ni fupi na nyingine ni ndefu, kwa hiyo haiwezekani kujua mapema zamu ya mtu itachukua muda gani. Baudot alitaka kila herufi iwe na urefu ule ule. Akaipa kila herufi nafasi tano zilizo sawa. Katika kila nafasi hakuna ila mambo mawili tu: ama ishara ipo, ama haipo. Mfano wake ni kama taa tano zilizopangwa juu ya meza. Kila taa inaweza kuwaka au kuzimwa. Ukiwa na taa moja una namna mbili za kuonyesha. Ukiwa na taa mbili una namna nne. Taa tatu, nane. Taa nne, kumi na sita. Na taa tano, thelathini na mbili. Namna hizo 32 zinazitosha herufi zote na kuzidi. Na kwa kuwa kuna tarakimu na vituo pia, Baudot aliweka ishara ya kubadili: ikiisha kupita ishara hiyo, zote zinazofuata husomwa kama tarakimu, mpaka ipite ishara nyingine ya kurudisha herufi. Hivyo namna 32 zilifanya kazi karibu ya mara mbili.

Kwa kuzipeleka ishara hizo, fundi alikuwa na vibao vitano tu mbele yake, viwili kwa vidole vya mkono wa kushoto na vitatu kwa vidole vya mkono wa kulia. Herufi A ilikuwa kibao cha kwanza peke yake. Herufi E ilikuwa kibao cha pili peke yake. Herufi O ilikuwa kibao cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa pamoja. Irabu zote tano ziliandikwa kwa mkono wa kulia tu, ili fundi azikumbuke kwa urahisi.

Sasa ikabaki kazi ya kugawa zamu. Baudot alitengeneza pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na kila kipande kimetengwa na mwenziwe ili umeme usivuke. Juu ya pete ile ilizunguka brashi ndogo ya madini iliyounganishwa na waya mrefu uendao mji wa pili. Vipande vitano vya kwanza vilikuwa vya fundi wa kwanza, kimoja kwa kila kibao chake. Vitano vilivyofuata vilikuwa vya fundi wa pili. Na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Brashi ikipita juu ya vipande vya fundi wa kwanza, ishara zake tano zilikwenda katika waya. Ikipita juu ya vya fundi wa pili, zilikwenda zake. Katika mji wa pili palikuwa na pete nyingine iliyo sawasawa na ile ya kwanza, na brashi yake ilizunguka kwa mwendo ule ule. Basi ishara za fundi wa kwanza ziliangukia mahali pa fundi wa kwanza, na za wa pili mahali pa wa pili. Huko mtambo ulizipokea ishara tano, ukatambua ni herufi gani, ukaipiga chapa juu ya utepe wa karatasi. Hakukuwa na haja ya mtu kusikiliza na kuandika.

Jambo lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa kuzilinganisha brashi mbili zilizotengana kwa mamia ya kilomita. Ikiwa moja inatangulia nyingine hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, herufi za fundi mmoja zitaangukia kwa mwingine, na habari zote zitakuwa upuuzi. Kwa hiyo Baudot aliacha katika pete nafasi ya ishara ya kusahihisha. Katika kila mzunguko ishara hiyo ilipita katika waya, na mtambo wa upande wa pili, kama umepotoka kidogo, ulirudishwa katika mwendo wake. Kosa halikungojwa likue. Lilisahihishwa likiwa bado dogo.

Mafundi nao walipaswa kushika mwendo. Fundi alipobonyeza vibao vyake, vibao vilishikwa chini mpaka brashi ilipopita na kuchukua ishara. Kisha viliachiliwa, na mtambo ukatoa mlio mdogo wa kumwambia kwamba nafasi yake imefunguka tena. Fundi alisikia mlio, akabonyeza, akasikia, akabonyeza, mara tatu katika kila sekunde. Akichelewa, zamu yake ilipita tupu. Akifanya haraka, vibao vilimkatalia. Mwendo wa kawaida wa fundi mmoja ulikuwa maneno 30 kwa dakika. Mafundi wanne katika waya mmoja walipeleka maneno 120 kwa dakika.

Kueleza mambo hayo ni rahisi kuliko kuyatenda. Baudot alikuwa mtumishi mdogo wa afisi, na kutwa nzima alikuwa na kazi yake ya mshahara. Wakuu wake walimtia moyo, lakini hawakumlipa kwa saa alizotumia katika uvumbuzi wake, wala hawakumpa fedha za kununulia shaba na vifaa. Ilimpasa kuzitafuta yeye mwenyewe. Tena hakuwa na afya njema. Tangu muda mfupi baada ya kuingia katika kazi ya telegrafu alianza kuugua, na mara nyingine alishindwa kwenda kazini. Safari moja alikosa mwezi mzima. Ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote. Na juu ya hayo alikosa elimu ya juu. Hesabu na maarifa ya umeme ambayo wengine waliyapata chuoni, yeye alijifunza kwa juhudi yake.

Lakini hakuacha. Tarehe 17 Juni 1874 aliandikisha uvumbuzi wake serikalini, akapata hati ya haki ya mvumbuzi. Mwaka uliofuata Idara ya Telegrafu ilikubali mtambo wake. Tarehe 12 Novemba 1877 ulijaribiwa katika waya wa kweli, baina ya Paris na Bordeaux. Mwisho wa mwaka ule ule ulianza kutumika baina ya Paris na Roma, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Hivyo mtambo uliobuniwa na mkulima wa Magneux ulichukua habari kuvuka mpaka wa nchi.

Mwaka 1878 Paris ilifanya Maonyesho Makuu ya Mataifa, na watu wa nchi nyingi walikuja kutazama kazi za mikono na za akili. Mtambo wa Baudot uliwekwa hapo, nao ulipewa nishani ya dhahabu. Tangu siku hizo jina lake lilianza kujulikana nje ya Ufaransa. Lakini sifa hailipi deni. Fedha za kuendeleza kazi zilipompungukia, Baudot aliiuza nishani ile ya dhahabu, akatumia thamani yake katika mitambo. Wengine wangaliitundika ukutani ili wageni waione. Yeye alichagua kupoteza alama ya heshima kuliko kuiacha kazi yenyewe iliyompatia heshima ile.

Taabu nyingine ilimjia kutoka kwa mtu. Mfaransa mwingine, Louis Victor Mimault, naye alikuwa amevumbua telegrafu ya ishara tano katika mwaka ule ule wa 1874, akadai kwamba yeye ndiye wa kwanza. Alimshtaki Baudot. Mahakama moja ilimpa Mimault haki ya kuwa mvumbuzi wa kwanza wa ishara zile. Lakini mwishowe hukumu hiyo ilitanguliwa, na Mimault akaamriwa kulipa gharama za kesi. Mambo kama hayo humchosha hata mtu mwenye nguvu. Baudot aliyapitia akiwa mgonjwa, na katika muda huo wote aliendelea kutengeneza.

Wakuu wa telegrafu waliiona kazi yake. Mwaka 1880 walimpandisha cheo akawa msimamizi, na mwaka 1882 akawa mhandisi mkaguzi. Cheo hakikumfanya akae kitini. Mwaka 1890 alimwoa Marie Joséphine Adélaïde Langrognet, na mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, aliunganisha miji mitatu, Paris, Vannes na Lorient, kwa waya mmoja tu. Mwaka 1894 aliweka mtambo wa mafundi watatu katika njia ya Paris na Bordeaux, ambayo mtambo wa Hughes ulikuwa ukipata shida kuitumikia. Mwaka huo pia aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milan katika Italia. Kwa kazi hiyo alitumia chombo chake kipya, ambacho kilipokea ishara zilizodhoofika kwa umbali wa njia, kikazipeleka mbele kwa nguvu mpya, kama vile mkimbiaji aliyechoka anavyomkabidhi mwenziwe barua.

Émile Baudot alikufa tarehe 28 Machi 1903, huko Sceaux, karibu na Paris. Alikuwa na umri wa miaka 57. Katika ndoa alikuwa amekaa miezi mitatu hivi tu, maana mkewe alikufa mwaka ule ule wa 1890.

Mtambo wake haukufa naye. Uingereza ilikuwa imekwisha kuutumia katika waya wa London na Paris tangu mwaka 1897. Ujerumani iliupokea mwaka 1900, Urusi mwaka 1904, Hispania mwaka 1906, na Ubelgiji mwaka 1909. Mtu wa New Zealand, Donald Murray, alizipanga upya zile ishara tano ili zitumike na vibao vingi kama vya mashine ya kupigia chapa, hata fundi asihitaji kukumbuka vidole vitano wala kungoja mlio. Ishara hizo za Murray ndizo zilizokuwa msingi wa mitambo ya kupeleka maandishi iliyotumika katika afisi za posta, za magazeti na za biashara kwa miaka mingi ya karne ya 20.

Katika miaka ya 1920 wakuu wa telegrafu wa mataifa walitaka kipimo cha mwendo wa ishara katika waya. Kama vile urefu una mita na uzito una kilo, walitaka kuwe na neno moja ambalo kila nchi italifahamu. Wakachukua jina la Baudot, wakakiita kipimo hicho baudi. Baudi moja ni ishara moja katika sekunde moja. Pete ya Baudot yenye vipande 20 vya mafundi wanne, ikizungukwa mara tatu kwa sekunde, hupeleka ishara 60 kwa sekunde, yaani baudi 60, pasipo kuhesabu zile za kusahihisha.

Kipimo hicho kilipata kazi kubwa zaidi kompyuta zilipokuja. Kompyuta nazo huandika kila kitu kwa mambo mawili tu, ipo au haipo, moja au sifuri, kama vibao vya Baudot. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walitaka kompyuta zilizo mbalimbali zipelekeane habari, na waya uliokuwa tayari kila mahali ulikuwa waya wa simu. Lakini waya wa simu ulitengenezwa uchukue sauti ya mtu, hauchukui vizuri umeme unaowashwa na kukatwa. Kwa hiyo mafundi walitengeneza chombo kiitwacho modemu. Modemu huigeuza kila ishara kuwa sauti. Modemu ya kampuni ya simu ya Marekani iliyotolewa mwaka 1962, iliyoitwa Bell 103, ilitumia upande wa mpigaji sauti ya mitetemo 1,270 kwa sekunde kwa moja, na sauti nene kidogo, ya mitetemo 1,070, kwa sifuri. Modemu ya upande wa pili ilizisikia sauti hizo, ikazirudisha kuwa moja na sifuri. Mwendo wake ulikuwa baudi 300.

Mahali pengine habari hazikuweza kungoja mtu apige simu na kuunganishwa. Mitambo ya umeme ilihitaji kujua saa zote kama nguvu zinatosha. Mabomba ya maji yalihitaji kujua kama tangi limejaa. Vituo vya kulinda anga vilihitaji kujua kama ndege inakuja. Kwa kazi kama hizo watu walikodi waya wa simu uwe wao peke yao, uliofunguka mchana na usiku, wakaweka modemu katika kila ncha. Mara nyingi vituo vingi vilifungwa katika waya mmoja uliokodiwa. Kituo kikuu kiliuliza kituo cha kwanza, nacho kikajibu. Kikauliza cha pili, nacho kikajibu. Na kila kimoja kilinyamaza mpaka kilipoitwa. Zilikuwa ni zile zile zamu za pete ya shaba. Baadaye mafundi walijua kutia habari nyingi katika ishara moja, hata modemu ya baudi 600 ikapeleka tarakimu 2,400 za moja na sifuri kwa sekunde. Siku hizi kazi nyingi za namna hiyo zimehamia katika nyuzi za kioo na katika mawimbi ya hewani, lakini mafundi wa mitambo bado hutaja baudi wanapolinganisha vyombo viwili vipate kusikilizana, na habari za watu wengi bado hupita kwa zamu katika njia moja.

Mwaka 1949 Posta ya Ufaransa ilitoa stampu yenye sura ya Émile Baudot. Ilikuwa Posta ile ile aliyoingia miaka 80 kabla yake, kijana wa shamba mwenye elimu ya shule ya msingi. Hakuleta waya mpya wala hakugundua nguvu mpya za umeme. Aliuangalia waya uliokuwapo, akaona nafasi ambazo wengine hawakuziona, akatumia afya yake, fedha zake na nishani yake ili nafasi hizo zisipotee bure. Aliye na kidogo akakipanga vizuri, huenda mbali kuliko aliye na kingi akakitumia ovyo.

MASWALI

1. Baudot alisoma shule gani, na kabla ya kuingia kazi ya telegrafu alifanya kazi gani?
2. Baudot aliona kosa gani katika matumizi ya waya wa telegrafu?
3. Kwa nini ishara za Morse hazikufaa kwa mtambo wa zamu?
4. Taa tano zinaweza kuonyesha namna ngapi? Andika hesabu yake.
5. Ingetokea nini kama brashi za miji miwili hazikuzunguka kwa mwendo mmoja?
6. Kwa nini Baudot aliiuza nishani yake? Je, alifanya vyema? Eleza sababu zako.